Mama Makali, Mnoaji wa Mikasi ya Bati

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mafundi mliofunga karakana zenu asubuhi hii mkaja moja kwa moja na aproni zenu, poleni, na asanteni kwa kuja. Haya yatakayosomwa yameandikwa na watoto watatu wa marehemu pamoja na mumewe, kwenye meza ya kukatia nguo pale nyumbani, kisha yakasomwa mbele ya kaka yake mkubwa ili lisiingie la uongo wala lisiachwe la kweli, kwa sababu marehemu alipenda jambo linyooke, na katika maisha yake lipo jambo moja lililokaa limepinda kwa miaka kumi na moja, likanyooka yeye mwenyewe akiwa hai, na familia ina faraja kubwa kwamba leo linaweza kusemwa kwa sauti mbele ya watu.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 11 Machi 1953, katika chumba cha uani cha nyumba iliyopakana ukuta na mashine ya kusaga unga, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne na wa kike peke yake, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakulia mashine ikinguruma, alilia ikizimwa. Baba yake alikuwa fundi bati, mtengenezaji wa ndoo, makarai na mifereji ya mvua, na kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba hiyohiyo, kwa hiyo marehemu alijifunza kutembea katikati ya vipande vya bati, na kovu alilokuwa nalo kwenye kisigino cha kushoto, ambalo wajukuu walizoea kulitia kidole wakiuliza limetoka wapi, lilitokana na siku aliyojaribu kukimbia kabla ya kujua kutembea.

Alianza shule mwezi Januari 1961, akamaliza darasa la saba mwezi Novemba 1967, akiwa wa tatu kwa hesabu na wa mwisho kwa uimbaji, jambo alilolisimulia mwenyewe bila aibu, na jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya waliochaguliwa kuendelea. Hakuendelea. Macho ya baba yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu mwaka huohuo, kaka yake alikuwa tayari amepata kazi mbali, wadogo zake walikuwa bado wadogo, na baada ya kikao kilichofanyika jikoni, ambacho yeye hakuitwa, ikaamuliwa abaki nyumbani amsaidie mzee. Familia haitaficha kwamba alilia siku mbili, na siku ya tatu akanawa uso, akaenda kibandani, akauliza aanzie wapi.

Mzee aliweza bado kukata bati kwa kupapasa, mikono yake ilijua njia, ila hakuweza tena kuona makali ya mikasi yake, nayo mikasi ya bati, kwa wale ambao hawajawahi kuishika, ni mizito, taya zake ni fupi na nene, mipini yake ni mirefu, na ikiwa butu haikati bali inalikunja bati katikati ya taya kama mtu anayetafuna ngozi. Basi akamketisha binti yake mlangoni penye mwanga, akampa mkasi uliofunguliwa, akamwambia autazame ukingo kwa mbele na aseme anaona nini. Binti akasema anaona uzi mweupe unaong'aa.

"Huo ndio ubutu," mzee akamwambia. "Makali hayaonekani. Piga tupa mpaka usione kitu."

Kuanzia siku hiyo akawa macho ya baba yake, na kabla ya miaka miwili kupita akawa na mikono yake pia. Alijifunza kulegeza nati na kutoa boliti ya katikati, kuzitenganisha taya mbili, kuziosha kwa mafuta ya taa na kuzisugua kwa brashi ya waya mpaka uchafu wa miaka utoke, kuibana taya moja kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, na kupitisha tupa kwa mwelekeo mmoja tu, kutoka shingoni hadi nchani, akifuata mlalo uleule alioutia mhunzi wa kwanza, bila kurudisha tupa nyuma kama anayekata kwa msumeno. Alijifunza kwamba upande wa ndani wa taya, ule unaopitana na mwenzake, haunolewi kwa tupa hata kidogo, unalazwa bapa juu ya kinoo chenye mafuta na kusuguliwa taratibu ili kuondoa ule ukingo mwembamba unaojikunja baada ya kunoa. Na alijifunza jambo ambalo mzee alilihesabu kuwa nusu ya kazi yote, yaani kukaza nati, kwa kuwa mkasi uliokazwa kupita kiasi humchosha fundi, na uliolegea huziachanisha taya, bati likaingia katikati, likakwama, na mkono unaolivuta ndio unaolipa. Nati ya sawasawa, mzee alisema, ni ile ambayo ukiushika mkasi mpini mmoja juu, mpini wa pili unashuka wenyewe, lakini unashuka kama mtu mzima anayeketi, siyo kama gunia linaloanguka.

Mzee alifariki mwaka 1983, akimwachia binti yake jiliwa, tupa nne, vinoo viwili na wateja wote, na kwa kweli wateja walikuwa wake tangu zamani, maana kufikia mwaka 1972 karakana tatu za mabati zilikuwa zikimletea mikasi, na ni katika karakana hizo alikopewa jina la Mama Makali hata kabla hajawa mama wa mtu. Waliolisikia jina bila kumwona walimtarajia mwanamke wa kufoka, wakakuta mtu mpole ambaye hata kuku aliwafukuza kwa kuwaomba.

Mumewe, ambaye ameketi hapa mbele na ambaye ametupa ruhusa ya kuyasema haya, alikuwa fundi cherehani kijana, mwenye chumba cha kushonea ng'ambo ya barabara, na mwezi Februari 1975 alianza kumletea marehemu mkasi wake wa kukatia nguo aunoe. Marehemu alimweleza kwamba yeye hunoa mikasi ya bati, siyo ya vitambaa, lakini akaunoa. Baada ya siku tisa fundi akaurudisha, akasema umeisha makali. Akaunoa tena. Mara ya tatu, kabla ya mwezi kwisha, marehemu aliuinua mkasi kwenye mwanga, akautazama mbele na nyuma, akaurudisha mezani.

"Huu mkasi hauna shida," alimwambia. "Mwenye shida ni wewe."

Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 2 Agosti 1975, marehemu akiwa amevaa gauni ambalo bwana harusi alilishona mwenyewe na kulikosea kiuno mara mbili, na Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza binti aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1976, ambaye ni mwalimu, wa pili wa kiume aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1979, ambaye ni dereva wa malori na aliyeendesha siku mbili mfululizo ili awahi kufika leo, na kitinda mimba, wa kiume, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1985, ambaye sasa ndiye anayesimama kwenye jiliwa la mama yake. Marehemu aliwalea kwa sauti ya chini na kanuni chache, na mojawapo ya kanuni hizo ilikuwa kwamba chombo cha mtu kinarudishwa kikiwa kizuri kuliko kilivyochukuliwa, kanuni ambayo majirani mlioazimwa ungo, jembe au ngazi mnaikumbuka.

Sasa tunafika kwenye lile jambo. Ndani yake yumo mtu ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Kobe, jina alilopewa karakanani kwa sababu hakuwahi kuharakishwa na mtu, naye yupo hapa, ameketi safu ya tatu karibu na ukuta, na familia ilimwendea mara mbili kumuuliza kama angependa sehemu hii iachwe, akakataa mara zote mbili.

Siku ya Jumatatu, tarehe 13 Juni 1994, marehemu alipeleka mikasi sita aliyoinoa kwenye karakana iliyokuwa ikitengeneza mabomba ya kupitishia hewa ya majengo makubwa, akaikabidhi kwa msimamizi, akarudi nyumbani. Kesho yake, Jumanne, kabla ya saa sita mchana, Kobe alikuwa akikata bati nene kwa mmojawapo wa mikasi hiyo, bati likaingia katikati ya taya, likakwama, akalivuta, ukingo wake ukapita kwenye kiganja chake cha kulia ukakata mishipa, na tangu siku hiyo vidole viwili vya mkono huo havijakunjika tena. Asubuhi ya Jumatano msimamizi alifika kibandani kwa marehemu, hakuketi, wala hakujibu salamu.

"Mama, mkasi wako umemlemaza mtu," akasema. "Taya zilikuwa zimeachana. Hukukaza nati."

Marehemu aliiweka chini tupa aliyokuwa ameishika. Alikumbuka kwamba aliikaza, alikumbuka kwamba alikatia kila mkasi kipande cha bati kuanzia shingoni hadi nchani kabla ya kuufunga kwenye gunia, lakini mikasi ilikuwa sita, na kadiri alivyojaribu kukumbuka mmoja mmoja ndivyo mikono yake ilivyochanganya wa tatu na wa nne, na mtu mwaminifu akishaanza kujishuku hakuna wa kumtetea. Alikwenda hospitali siku hiyohiyo, akamkuta Kobe amelala mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko, na Kobe alipomwona akageuka akautazama ukuta. Alikwenda mara ya pili, akageukiwa ukuta. Alikwenda mara ya tatu na uji kwenye chupa, akauacha mezani, akaondoka, na njiani akamwambia mumewe kwamba yule mtu ana haki ya kumchukia. Siku ya Ijumaa alizipaka tupa zake mafuta, akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka ndani ya sanduku la mbao pamoja na vinoo, akalisukuma sanduku chini ya kitanda, na karakana zote tatu zikaambiwa zitafute mnoaji mwingine.

Miaka kumi na moja iliyofuata aliishi ndani ya chumba cha cherehani cha mumewe, akitia vifungo, akikunja pindo, akipiga pasi, na hakulalamika hata mara moja, jambo ambalo mumewe anasema lingekuwa rahisi zaidi kama angelalamika. Hakunoa kitu. Hata visu vya jikoni hakuvigusa, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuvinoa mbele yake, katika nyumba ya mnoaji mkuu wa mji mzima nyanya zilikuwa zikipondwa badala ya kukatwa, na wageni walipewa mkate uliomegwa kwa mkono, kinyozi hajinyoi. Usiku hakuota vibaya wala hakushtuka, alichofanya ni kuangalia mikono ya watu. Kwenye foleni ya dukani, kwenye benchi la zahanati, kwenye sherehe za shule za watoto wake, macho yake yalitafuta mikono na kuhesabu vidole, na binti yake anakumbuka kwamba siku aliyomletea mchumba nyumbani, mama alimshika yule kijana mkono kwa muda mrefu hadi akaanza kutoka jasho, akidhani anatabiriwa.

Siku ya Jumamosi, tarehe 17 Septemba 2005, saa saba mchana, Kobe aliingia kwenye chumba cha cherehani akiwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Baada ya ajali alikuwa ameondolewa kwenye kukata bati akafanywa mtunza stoo, na wiki hiyo karakana ilikuwa inafungwa, stoo inasafishwa, na nyuma ya rafu ya mwisho, chini ya vipande vya mabomba, alikuwa ameukuta ule mkasi, umeota kutu, nati ikiwa palepale alipoiacha. Aliuweka mezani juu ya suruali iliyokuwa ikisubiri pindo. Kulikuwa na wateja wawili ndani, mumewe akataka kuwatoa, Kobe akasema wakae tu.

"Nati niliilegeza mimi," akasema. "Mkasi ulipotoka kwako ulikuwa unakata vizuri. Mimi niliuona mzito mkononi, nikachukua spana nikailegeza. Nilipokatwa niliogopa kufukuzwa kazi. Msimamizi akasema ni wewe, nikanyamaza."

Marehemu aliutazama mkasi bila kuugusa. Kisha akauliza jambo moja, na mumewe anasema hatasahau sauti aliyoulizia, ilikuwa sauti ya fundi anayezungumza na mteja.

"Uliilegeza kiasi gani?"

"Nusu mzunguko."

"Nusu mzunguko ni nyingi," akasema. "Ungeurudisha kwangu, ningeipunguza kidogo tu."

Kobe akaeleza pia kwamba zile mara tatu hospitalini hakugeuka kwa hasira, aligeuka kwa sababu hakuweza kumtazama, na kwamba uji ule aliunywa wote, akalia. Marehemu aliinuka, akaomba samahani kwa wateja, akaingia chumba cha ndani, akajilaza juu ya kitanda na viatu vyake, akalala usingizi mzito kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili jioni, na mumewe akazima cherehani, akaketi mlangoni akiwaambia wote waliokuja kuchukua nguo kwamba warudi kesho, mke wake amelala.

Msidhani kwamba alisamehe siku hiyo. Alipoamka alikuwa na hasira ambayo watoto wake hawakuwahi kuiona, hasira iliyochelewa miaka kumi na moja, na kwa wiki tatu kila alipokutana na Kobe barabarani alivuka upande wa pili, akasema nyumbani kwamba amemsikia lakini hajamaliza kumsikia. Lakini hasira ile ilikuwa ya mtu mzima wa afya. Alianza kula vizuri. Asubuhi ya Jumapili, siku moja tu baada ya Kobe kuja, alikuwa amelivuta sanduku kutoka chini ya kitanda na kunoa visu vyote vya jikoni, na mchana huo mumewe akajikata kidole akikata kitunguu, kwa kuwa alishazoea kukandamiza, akawa anacheka huku anatokwa damu, na yeye anamfunga kidole huku anacheka, na kitinda mimba, aliyekuwa na miaka ishirini, anasema ndiyo mara ya kwanza alipojua kicheko cha mama yake kinafananaje.

Kisha akauchukua ule mkasi. Aliulaza kwenye mafuta ya taa siku mbili ili kutu ilegee, akaufungua, akasugua, akakuta taya moja imeliwa na kutu kwenye ncha, na badala ya kuutupa akairudisha nyuma kwa tupa, kidogokidogo, kwa siku nne, kwa kuwa chuma kile kilikuwa cha zamani, kilichofuliwa kwa nyundo, na alikataa katakata kukipeleka kwenye mashine ya umeme, akisema mashine ina haraka, chuma kikipata moto kinabadilika rangi na kuwa laini, na makali yake hayakai hata wiki. Alitafuta boliti mpya na kuipima, akakaza nati, akaushika mpini mmoja juu akautazama mpini wa pili ukishuka. Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 2005, aliubeba hadi nyumbani kwa Kobe, akampa aushike kwa mkono wa kushoto, akamletea na kipande cha bati. Kobe akakata. Bati likafunguka bila kelele.

"Ni mzito?" marehemu akamuuliza.

"Ni mzito kidogo."

"Basi nipe hapa," akasema, akatoa spana mfukoni, akailegeza kwa kiasi cha unene wa ukucha, akamrudishia, na kwa maneno hayo, ambayo hayakuwa na neno la msamaha ndani yake, yakaisha. Yule msimamizi alikuwa amehama zamani, na marehemu hakumtafuta, alisema kumfuata ni kumbebea mzigo ambao yeye mwenyewe ameshautua.

Kuanzia mwezi huo hadi Desemba 2019 alifanya kazi miaka mingine kumi na minne, na mafundi mliopo hapa ndio mashahidi. Mlimletea mikasi iliyotupwa, mikasi ya baba zenu na ya babu zenu, iliyokaa kwenye mapipa ya mvua na kwenye mabanda ya kuku, naye akairudishia uhai, na hakuna aliyeondoka na mkasi wake bila kusikia maneno yaleyale, ukiwa mzito urudishe, usiulegeze mwenyewe, safari ya kurudi ni fupi kuliko safari ya hospitali. Kati ya mwaka 2009 na 2016 chuo cha ufundi kilimwita kila siku ya Jumatano awafundishe wanafunzi, yeye aliyezuiwa kuvuka darasa la saba, na siku ya kwanza aliyoitwa "mwalimu" alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba alidhani wanaita mtu mwingine, akageuka nyuma kumtafuta. Kobe naye akawa mtu wa nyumba hii. Mifereji ya mvua mnayoiona kwenye paa letu aliitengeneza yeye kwa mkono wa kushoto, ikamchukua miezi miwili, na marehemu hakumharakisha.

Mwishoni mwa mwaka 2019 marehemu alianza kuchoka haraka, miguu ikavimba, na tarehe 22 Januari 2020 madaktari wakasema moyo umepanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Alitumia dawa kwa uaminifu, akalazwa mara tatu, mwezi Agosti 2021, mwezi Machi 2023 na mwezi Novemba 2024, na kwa mwaka wake wa mwisho hakuweza tena kulala chini, kwa sababu akilala pumzi ilimkatikia, kwa hiyo alilala ameketi kwenye kiti, mito mitatu nyuma na mmoja magotini, na mumewe akalala kwenye kiti cha pili ili asiwe peke yake. Familia ingependa msikie hili, kwa sababu wengi wenu mmekuwa mkituuliza kwa kunong'ona kama aliteseka mwishoni. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa yeye mwenyewe. Hakuogopa kufa, aliogopa kufa akitafuta hewa, na mwezi Januari mwaka huu alimwambia daktari hivyo waziwazi, na daktari, badala ya kumpa moyo kwa maneno matupu, alivuta kiti akamweleza dawa gani itatumika, itafanya nini, na nani atakuwapo. Tangu siku hiyo mama alitulia.

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, alikunywa chai nusu kikombe, akaomba dirisha lifunguliwe, akamuuliza kitinda mimba kama ameshapeleka mikasi ya watu, akajibiwa kwamba imepelekwa yote, akamuuliza kama ameikatia bati kila mmoja, akajibiwa ndiyo, akasema vizuri. Saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mumewe, alipumua taratibu, mara chache, kisha hakupumua tena, na muuguzi aliyekuwa pale alithibitisha kwamba hakuhangaika hata kidogo. Tulilia, na bado tunalia, lakini tungekuwa waongo kama tusingesema kwamba pamoja na machozi kuna kitu kilichotulegea kifuani, kwa kuwa lile aliloliogopa halikumpata. Ameishi miaka sabini na mmoja, miezi kumi na siku ishirini na nne, ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na hakuacha ugomvi na mtu yeyote.

Familia inamshukuru daktari aliyevuta kile kiti, pamoja na wauguzi waliokuja nyumbani hata siku za mvua, inawashukuru majirani wa pande zote mbili, hasa yule aliyekubali kuzima redio yake mchana kwa mwaka mzima na ambaye kuanzia kesho anaombwa kuiwasha kwa sauti anayotaka, inawashukuru walimu wa chuo cha ufundi, na mafundi wa karakana zote mliochimba kaburi kwa zamu tangu alfajiri, mkakataa kupumzika. Jeneza litabebwa na wanawe wawili wa kiume, kaka yake, mafundi wawili na Kobe, ambaye ameomba kushika upande wa kulia, na familia imekubali.

Mama yetu, mke mwema, mwalimu, umekaa kwenye kiti mwaka mzima. Sasa jinyooshe, ulale kwa amani.